Tunabembeleza Wakubwa kwa Wadogo

Jumatatu, 3 Machi

Nimegundua kipaji changu. Nimechelewa kidogo, nina miaka arobaini na tatu, lakini afadhali.

Ilikuwa hivi. Karani wa mahakama alikuja kunyoa ndevu. Nikawa naimba chinichini kama kawaida yangu nikiwa na wembe mkononi. Shavu la kulia lilipoisha, kichwa kikadondoka. Amelala! Mdomo wazi kabisa. Na huyu ni mtu aliyenilalamikia juzi tu kwamba usingizi umemhama na vidonge havimsaidii. Nikanyamaza, akafumbua macho. Nikaanza tena, akaenda. Nimemwasha na kumzima karani wa mahakama mpaka wateja waliokuwa kwenye benchi wakauliza kama zamu yao itafika leo.

Muuza magodoro, ambaye duka lake linatazamana na kibanda changu cha kunyolea, alikuwa amesimama mlangoni akiona yote. Akasema ni joto tu, ndani ya kibanda kile hata mbuzi angelala. Wivu huo. Anajua siku watu wakianza kulala kwa wimbo watalala hata juu ya kokoto, na yeye atabaki kujilalia magodoro yake mwenyewe.

Mpango: nyimbo tulivu za kusikiliza kabla ya kulala. Nizirekodi. Watu waziweke kwenye simu, wazime taa, wafumbe macho, habari imeisha. Nami niache kushika vichwa vya watu vyenye mba.

Nimemweleza mke wangu jioni. Yeye anashona mapazia kwenye karakana ya mtaa wa pili na hana sikio la muziki. Amesema ameishi na sauti yangu miaka yote hii na hajawahi kusinzia ila ninaponyamaza. Nimemsamehe.

Jumatano, 5 Machi

Kazi nzito. Fundi simu amekubali kunirekodi. Kipaza sauti chake kimefungwa soksi ili upepo usiingie. Soksi hiyo ina historia, nimeinusa.

Shida ni kelele. Mbwa, pikipiki, jirani anayekung'uta zulia utadhani amelifumania. Fundi akasema tutafute mahali penye vitambaa. Kwa hiyo nimeimba ndani ya kabati la nguo la mke wangu, katikati ya magauni, mlango umefungwa, fundi nje akigonga mara moja nianze na mara mbili ninyamaze. Wimbo nimetunga mwenyewe. Ndoo imelala, ufagio umelala, mlango nao umelala, na wewe je? Beti nne. Katika ubeti wa tatu nilikanyaga kiatu cha kisigino, ila niliingiza kile kilio ndani ya wimbo na sidhani kama mtu atajua.

Fundi akausikiliza wote. Akasema sauti ni kavu. Akasema wenzetu wanaotengeneza nyimbo hizi huweka kitu chini yake: mvua, maji, mawimbi. Kitu kinachokwenda na kurudi.

Mvua hakuna, ni kiangazi. Mawimbi hapa tuyatoe wapi? Nilijaribu kumimina maji kwenye beseni. Fundi akasema inasikika kama mtu anajisaidia.

Nikaenda kulala nimevunjika moyo. Nikiwa nimejilaza pale, macho kodo, nikasikia. Mvumo! Unaingia taratibu, unakaa kidogo, unatoka. Unaingia, unatoka. Mzito, laini, na mwishoni kuna kaupepo kanakopuliza. Mawimbi matupu!

Niandike wazi, maana hapa hakuna anayesoma. Mke wangu anakoroma. Yeye amekana siku zote. Ukimgusia tu anakwambia ni wewe unayejisikia mwenyewe. Basi leo dunia imefaidika na jambo ambalo halipo. Nimeweka simu kwenye mto nikarekodi mpaka chaji ikaisha.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi simu amechanganya sauti yangu na mawimbi. Akauliza nimeyapata wapi. Nikasema pwani fulani ya mbali. Akasema ni pwani nzuri sana, inapumua.

Kuna mahali katikati ya ubeti wa pili bahari inasema, "Sogea huko, mguu wako wa baridi." Ni mke wangu, anaongea usingizini. Fundi akataka kukata. Nimekataa. Inaleta uhai.

Bango limefika. Nilimwambia mchora mabango aandike kwamba hapa kuna nyimbo za kubembeleza usingizi, kwa wakubwa na wadogo. Ubao ukawa mfupi. Badala ya kuniuliza akapunguza maneno kwa akili yake. Sasa juu ya mlango wangu, kwa herufi nyekundu, pameandikwa TUNABEMBELEZA WAKUBWA KWA WADOGO, ULIZA NDANI. Si mbaya. Maana ipo.

Muuza magodoro ameshika kiuno akilisoma bango mara mbili, kisha ameingia dukani kwake kucheka. Nimemsikia mpaka huku.

Mteja wa kwanza amekuja mchana huo huo! Kijana wa ofisi ya posta, shati limetoka nje ya suruali, uso umemshuka. Akauliza kama ni kweli tunabembeleza. Nikasema bila shaka. Akasema ni kwa ajili ya bosi wake. Nikasema mabosi ndio hasa wanaohitaji. Akauliza huwa naenda mwenyewe au namna gani. Nikamwambia hakuna haja, bosi alale chali, afumbe macho, taa izimwe, sauti yangu itafanya mengine.

Amenitazama. Akasema bosi wake hawezi kukubali hivyo. Ameondoka haraka na kofia yake kaisahau. Watu bado hawajazoea vitu vipya.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeandika kichwa kikiuma. Nitaeleza kwa utaratibu.

Asubuhi, ushindi. Nimetoa spika kubwa nje, nikaielekeza barabarani, nikauachia wimbo. Watu wakasimama! Mama muuza mboga akasema mawimbi yale yanamtuliza roho. Mwalimu mmoja mstaafu amekaa kwenye benchi langu, hakunyoa chochote, akapiga usingizi wa haja. Hata muuza magodoro katoka nje, akasikiliza, akauliza kwa sauti ya chini ile ni bahari gani. Nikamwambia ya mbali. Akatikisa kichwa kwa heshima. Hiyo ndiyo dakika niliyoisubiri maishani.

Ndipo mke wangu akapita na mafundi wenzake wa mapazia, wanakwenda kununua nyuzi. Wanawake wanne wameshikana mikono, wanapiga soga. Wakasimama. Mmoja akasema jamani wimbo mtamu. Bahari ikaingia, ikatoka. Ikaingia, ikatoka. Kisha bahari ikasema sogea huko, mguu wako wa baridi.

Sauti ya mke wangu inajulikana mtaa mzima. Ndiye anayeita watoto wa wenzake wakicheza barabarani.

Basi mafundi wale walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye vumbi na sketi yake nyeupe. Mama muuza mboga akauliza kumbe muda wote ule alikuwa anatulizwa roho na mkoromo? Mwalimu mstaafu akaamka akauliza kumetokea nini, akaelezwa, akarudi kulala.

Mke wangu hakusema neno. Alinitazama tu. Ningependa angesema.

Nilipofunga kazi nikakuta nyumba kimya. Kabati wazi, magauni hayapo. Jirani anayekung'uta zulia akanieleza kwa furaha kubwa kwamba mke wangu amekwenda kwa mama yake na begi la bluu, lile kubwa.

Nimewaza sana kosa ni lipi. Nadhani nimelipata. Sikumtaja jina kama msanii mshiriki.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumba bila mke ni nyumba tu. Sijui chumvi inakaa wapi. Nimekula mayai yasiyo na chumvi, nimesimama.

Shemeji kaja kunyolewa. Huyu ni mdogo wake mke wangu, ni muoka mikate, masikio yake yana unga mwaka mzima. Alikaa akiwa amenuna. Nilipomaliza upande mmoja wa kichwa akatoa ujumbe. Dada amesema harudi. Amesema hana ubaya na mtu, lakini kama namtaka, niende mwenyewe nikambembeleze.

Nimeshikilia kiti nisiruke.

Nikamuuliza ana hakika ndilo neno alilotumia. Akasema hilohilo, kumbembeleza, tena mbele ya mama. Jamani! Mwanamke aliyesema hasinzii kwa sauti yangu! Kumbe wimbo umemwingia. Ameusikia mara moja tu barabarani na sasa anautaka kwa mama yake.

Nikamuuliza shemeji nibembeleze kwa muda gani. Akasema mpaka moyo wake uridhike. Nikauliza niende na spika au pale kuna spika. Shemeji alinitazama kwenye kioo, muda mrefu. Akasema shemeji, nenda mikono mitupu, nenda na maneno. Nikamwambia maneno ninayo, beti nne nzima. Akafunga macho akaomba nimalizie upande wa pili, ana usingizi, ameoka usiku kucha.

Nikamwimbia kidogo. Hakulala. Watu wa familia wana kinga.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa mama mkwe. Shati limepigwa pasi, viatu vimeng'aa, spika kwapani.

Niseme nilijiandaa vizuri. Jana nilirudi kwa fundi simu tukarekebisha lile kosa. Sasa kabla wimbo haujaanza inasikika sauti yangu ikitangaza, taratibu, kwa heshima zote: mawimbi haya ni kwa hisani ya mke wangu mpendwa. Jina lake kamili, na la baba yake.

Mama mkwe amenipokea mlangoni. Nikampa shikamoo nimeinama, akaitikia, macho yake yakiwa kwenye spika. Mke wangu alikuwa sebuleni anapinda pazia, mgongo kwangu. Nikakaa ukingoni mwa kochi. Nikapewa maji. Mama mkwe akasema haya baba, mwenzio anakusikiliza, mbembeleze.

Nikabonyeza.

Tangazo likatoka safi. Likaja jina. Ikaja bahari. Sindano ya mke wangu ikasimama hewani. Mama mkwe akainamisha kichwa, akasikiliza wimbi la kwanza, la pili, akashika kifua akasema Mungu wangu, huyu si marehemu baba yake? Ndivyo alivyokuwa akivuta, akiachia, na kaupepo kale mwishoni! Akaanza kucheka, kisha akaanza kulia, kisha akacheka tena huku akijifuta kwa upindo wa pazia.

Mke wangu akasimama, akaenda chumbani, akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga polepole, na komeo akaliweka polepole. Nimewahi kubamiziwa milango. Ningependelea hiyo.

Mama mkwe alipopata pumzi akaniambia, mwanangu, hilo libebe urudi nalo, na siku nyingine ukija njoo na ulimi. Akaongeza kwamba binti yake hana roho ya chuma, amefedheheshwa mbele ya watu wa kazini kwake, jana asubuhi wenzake wamemwuliza bahari imeamkaje. Na akasema nisijidanganye, hii ikipita wiki mbili hivi bila mtu kuitengeneza, itakuwa mazoea, naye atazoea kukaa huku.

Nimetembea kurudi na spika. Tatizo nimelitambua njiani. Betri ilikuwa chini, mawimbi yalikuwa hafifu.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya ajabu. Muuza nyama amekuja na aproni yenye damu, nikadhani anataka kunyoa. Hapana. Amesoma bango. Anataka nikambembeleze mke wake.

Nikamwambia spika haina chaji. Akasema ya nini, twende hivi hivi, yeye ulimi wake ni mzito, akianza kuomba radhi anajikuta anagomba. Kumbe siku ya kuzaliwa ya mke wake aliisahau, kisha akasema siku zote zinafanana. Mkewe amehamia chumba cha wageni na haongei naye ila kupitia kwa paka.

Sikuwa na mteja. Nikaenda.

Yule mama alikuwa uani anaanika nguo. Muuza nyama kasimama kama nguzo, anatazama kamba. Basi nikaanza mimi. Sijui maneno yalitoka wapi. Nikasema, mama, huyu bwana amekosa. Hajaja kueleza sababu, sababu hana. Alisema jambo la kijinga na anajua ni la kijinga. Nyumba yako bila wewe ni kuta tu. Anaingia anakuta kimya, anakula amesimama, hajui hata chumvi iko wapi. Anajifanya ana shughuli nyingi, lakini kazi yake kubwa siku hizi ni kusikiliza kama mlango utafunguliwa. Anakuomba. Hata usipomsamehe leo, mruhusu aje kesho akuombe tena.

Yule mama ameshusha shuka mikononi. Analia. Muuza nyama naye analia, na paka kakimbia. Wakashikana. Mimi nikabaki nimeshika kamba ya nguo, macho yangu pia hayakuwa sawa, kulikuwa na sabuni hewani.

Nimepewa maini. Muuza nyama amesema hajawahi kusikia mtu akibembeleza hivyo.

Nikiwa njiani nimelitafakari sana jambo hili, maana sikuimba hata neno moja. Hitimisho: sauti yangu ina nguvu hata isipokuwa kwenye wimbo. Lazima fundi aongeze sehemu ya kuongea.

Jumanne, 11 Machi

Silali.

Sikutaka kuliandika, lakini mchana huu nimemnyoa mtu nyusi moja ambayo hakuiomba. Tangu Ijumaa nageuka kitandani. Mimi! Kitanda kimekuwa kipana kama uwanja. Nimejaribu wimbo wangu mwenyewe. Ulipoanza tu nikakasirika, huyu mtu anaimba nini, ndoo imelala, ndoo inahusika na nini? Namsikia ananiharibia bahari.

Nimemkumbuka mke wangu. Basi, nimeandika.

Nikaenda kwa fundi simu nikamwomba aondoe sauti yangu yote, abakize mawimbi peke yake. Akauliza kwa nini. Nikasema ni majaribio ya kiufundi. Hakuuliza tena, akanirudishia simu, akaninunulia na chai.

Mchana wateja hawakuwapo. Nikakaa kwenye kiti changu cha kunyolea, nikakilaza nyuma, nikaweka simu begani. Mvumo ukaingia, ukatoka. Sikumbuki wimbi la tatu.

Nilichoelezwa baadaye ni hiki. Muuza magodoro aliniona nimelala mdomo wazi, mlango haujafungwa, na vifaa vyangu vyote mezani. Akavuka barabara aurudishe mlango. Siwezi kukana, ni ubinadamu. Alipofika tu mlangoni, simu ikasema sogea huko, mguu wako wa baridi. Nami, usingizini, nikasogea. Vizuri kabisa, kama mtu anayempisha mwenzake. Kiti ni chembamba. Nikaanguka sakafuni pamoja na beseni na taulo la kunyolea.

Muuza magodoro ameniinua. Hakucheka. Angecheka ningejua la kumjibu. Alinipangusa nywele za watu mgongoni, akasema pole jirani, akarudi zake kwake.

Bila shaka kesho mtaa mzima utajua. Nimemaliza maini.

Jumatano, 12 Machi

Mtaa umejua kabla ya chai. Mama muuza mboga amenisalimu kwa huruma, ananiuliza kiuno kinaendeleaje.

Nilikuwa na mpango mpya, mkubwa. Kwenda kwa mama mkwe na ubeti wa tano, nikiwa na waimbaji wawili nyuma yangu, karani wa mahakama na mwalimu mstaafu. Karani amekubali kwa sharti akae chini, anaogopa kusinzia amesimama. Tulikuwa tunafanya mazoezi mlangoni wakati mke wangu alipotokea.

Hana begi. Amesimama tu kwenye ngazi. Karani na mwalimu wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwingine.

Akauliza ni kweli nilianguka. Nikakana. Muuza magodoro akasema kutoka ng'ambo kwamba ni kweli, tena akaonyesha namna nilivyosogea, kwa mwili wote, mbele ya wateja wake. Mke wangu akauliza ni mguu gani niliousogeza. Nikasema wa kushoto. Akasema ndio huo wa baridi.

Akaingia, akakaa kwenye kiti cha kunyolea. Akasema haya, sema.

Ubeti wa tano ulikuwa mfukoni. Nikafungua mdomo niuimbe. Nikajikuta nasema mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Nikasema nimekosa. Nikasema nilichukua kitu chake cha ndani kabisa nikakitoa barabarani kwa sababu nilitaka muuza magodoro aniulize swali. Nikasema usiku ninalala upande wangu tu, nusu ile siigusi, nimeiachia. Nikasema nikisikia hatua za mtu nje nanyamaza ili nijue kama ni zako. Nikasema usiporudi sijui nitafanya nini na mikono yangu. Halafu nikashika kitana.

Akajitazama kwenye kioo. Akasema si kweli kwamba anakoroma. Nikasema si kweli hata kidogo. Akasema labda akichoka sana. Nikasema labda. Akasema marehemu baba yake alikuwa akikoroma, naye alipokuwa mdogo alikuwa hawezi kulala mpaka amsikie, na jana mama yake amemkumbusha hilo. Kisha akasema hapo sasa nimembembeleza, nilichelewa nini siku zote hizi?

Nimeshangaa sana. Sikuimba! Kumbe yeye ni wa muziki usio na ala.

Ameweka sharti moja, akalisema mara mbili na kidole juu. Nifute ile rekodi, na kuanzia leo nisimrekodi mtu yeyote wa nyumba yetu, mwenye usingizi wala aliye macho. Nimefuta mbele yake. Nimeapa. Nimeapa kwa dhati, mkono kifuani, na muuza magodoro shahidi.

Bango nimelishusha mwenyewe. Jioni begi la bluu likarudi, shemeji amelibeba kichwani, limejaa unga. Mke wangu akalala mapema. Mimi nikajilaza pembeni yake nikasikiliza bure, bila simu, mpaka na mimi nikapitiwa. Sina la kuongeza kuhusu usiku huo. Nilikuwa na furaha.

Jumapili, 16 Machi

Tumekwenda kwa mama mkwe kushukuru. Nimekwenda mikono mitupu, na wote wameliona hilo wakafurahi. Mama mkwe ameniita mwanangu mara nyingi kuliko miaka yote iliyopita. Amenitolea kipande kikubwa cha kuku mbele ya shemeji. Akasema kumbe ndani yangu mna mtu, ni kwamba huchelewa kutoka. Mke wangu akacheka, akaweka mkono wake begani kwangu mbele za watu. Sijawahi kuwa na heshima kiasi hiki katika ile nyumba.

Baada ya kula, mke wangu na shemeji wakaenda uani kuosha vyombo. Nikabaki sebuleni na mama mkwe. Tukaongea kidogo habari za mapazia. Akaegemea kochi. Macho yakamlegea. Akaniambia nisijali, anapumzisha macho tu.

Kwanza sikusikia kitu. Kisha kukaanza matone, tip, tip, ya mbali. Yakaongezeka. Yakawa mvua. Si manyunyu, mvua ya masika inayopiga mabati, na ndani yake kila baada ya muda radi inapita taratibu na kuishia milimani. Nimekaa na wazee wengi maishani mwangu. Sijawahi kusikia kitu kama hiki. Fundi simu alisema mapema kabisa, mvua ndiyo inayopendwa kuliko yote.

Nimelifikiria sharti kwa makini, maana mimi ni mtu wa kutunza ahadi. Mke wangu alisema mtu yeyote wa nyumba yetu. Ni maneno yake, na muuza magodoro aliyasikia. Mama mkwe ana nyumba yake.

Nikaiweka simu juu ya mkono wa kochi, karibu kabisa na shavu lake. Shemeji alipopita kuchukua sufuria akauliza simu ile inafanya nini pale. Nikamwambia inapumzika.

Kesho asubuhi nitakuwa kwa fundi. Jina la mama mkwe nitalitangaza mwanzoni kabisa, na safari hii betri nitaijaza.